MTANDIO SI KARATASI YA PEREMENDE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila inapokaribia tarehe 1 Februari, ambayo tangu mwaka 2013 huadhimishwa kama Siku ya Hijabu Duniani, picha ile ile huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Peremende mbili. Moja imo ndani ya karatasi yake, safi. Nyingine iko wazi, imejaa nzi. Chini yake pameandikwa kwamba mwenye hijabu ni ile ya kwanza na asiyevaa ni ile ya pili. Watu huandika "Mashaallah" na kuisambaza.

Leo nasema wazi: acheni picha hiyo. Inamdhalilisha mwanamke, inamsamehe mwanamume ambaye Mwenyezi Mungu hakumsamehe, na inawafundisha majirani zetu wasio Waislamu jambo ambalo dini yetu haikusema.

Tuanze na mwanamke. Peremende ni kitu cha kuliwa. Hata ile iliyofungwa imefungwa ili aje mwenye kuila. Je, binti yako ni kitu cha kuliwa? Mwanamke ni mja aliyekalifishwa. Anaswali, anafunga, na Siku ya Kiyama atasimama peke yake mbele ya Mola wake. Anapojifunika anafanya ibada, na malipo yake yako kwa Allah. Na yule asiyejifunika ana faradhi aliyoiacha, tumnasihi kwa upole. Lakini bado ni Muislamu, ni mwana wa watu, na heshima yake ni haramu kuivunja.

Sasa tuje kwa nzi. Nzi hana akili wala hesabu. Akitua kwenye tamu hana dhambi. Basi kumfananisha mwanamume na nzi ni kumwambia: wewe huna jukumu, lawama ni ya peremende. Nani kakwambia hivyo? Fungua Suratun Nur. Aya ya 31 inawaamrisha Waumini wanawake wateremshe shungi zao mpaka vifuani. Lakini kabla yake ipo aya ya 30, na hiyo inawaamrisha Waumini wanaume wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao. Wanaume ndio walioanza kuambiwa. Wangapi kati yetu tunaoihifadhi aya ya 31 kwa moyo tunaikumbuka ya 30?

Na katika Hija ya kuaga, mwanamke wa kabila la Khath'am alikuja kumuuliza Mtume (s.a.w.) kama anaweza kumhijia baba yake mzee. Al-Fadhl bin Abbas, kijana aliyepanda nyuma ya Mtume kwenye mnyama wake, akawa anamtazama yule mwanamke. Mtume alifanya nini? Aliugeuza uso wa Al-Fadhl upande wa pili. Yule mwanamke alijibiwa swali lake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Utaniambia: Sheikh, je, Suratul Ahzab aya ya 59 haikusema wajifunike ili wajulikane wasiudhiwe? Ndiyo, imesema. Lakini usiikate aya katikati ya wenzake. Aya ya 58 inasema wanaowaudhi Waumini wanaume na wanawake bila ya kosa wamebeba dhambi iliyo wazi. Aya ya 60 inawatisha wanafiki na wenye maradhi nyoyoni wasipokoma. Basi anayemuudhi dada yetu barabarani ana kesi mbele ya Allah, awe dada amevaa au hakuvaa. Na akina dada wenye mabuibui watakwambia wenyewe wanayoyasikia stendi ya matatu.

Kwa nini nalisema hili kwa ukali? Kwa sababu maneno yetu yana gharama. Kumbukeni kesi ya shule ya St Paul's Kiwanjani, Isiolo. Wasichana wa Kiislamu walitaka kuvaa hijabu pamoja na sare. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikataa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilikubali, ikaona kwamba kanuni ya sare inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumuonea msichana ambaye dini yake inamuamuru kujifunika. Tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, kwa msingi kwamba dai halikuwasilishwa kwa utaratibu unaotakiwa, na ikasisitiza bodi ya shule ishauriane na wazazi.

Kwa hiyo suala hili linarudi kwenye meza ya bodi, mbele ya mwalimu mkuu ambaye huenda hajawahi kuisoma Qur'ani. Ukimwambia mtandio ni wa kuzuia nzi, atakujibu: hapa shuleni tuna nidhamu, hakuna nzi. Ukimwambia ni mila ya kwetu Pwani, atasema mila zibaki nyumbani. Hapo huna la kumjibu. Lakini ukimwambia ni ibada, faradhi kwa binti aliyebaleghe kama swala ilivyo faradhi, hapo unazungumza lugha ya Ibara ya 32 ya Katiba, inayolinda uhuru wa mtu kuabudu na kuidhihirisha dini yake.

Basi wazazi, fanyeni haya. Kabla ya kulipa karo, ulizeni kanuni ya sare. Andikeni barua kwa adabu na mbaki na nakala. Ombeni mtandio wa rangi ya sare, uliopigwa pasi, usio na mapambo. Hudhurini mikutano ya wazazi, msingoje binti arudishwe nyumbani ndipo muanze kupiga kelele mitandaoni. Na mumfundishe binti jibu lake mwenyewe, ili akiulizwa na mwenzake darasani aseme: "Navaa kwa sababu Mola wangu ameniamrisha."

Na vijana wa kiume, hijabu yenu inaanzia machoni. Ifundisheni kwa vitendo kabla ya kumnyooshea dada wa mwenzio kidole.

Ile picha ikikufikia mwaka huu, usiisambaze. Mjibu aliyeituma kwa upole, na umtumie aya ya 30.

Wallahu a'lam. Allah awahifadhi mabinti zetu na atusafishe nyoyo na macho yetu. Amin.