Mtihani upime akili ya mtoto, usipime masikio yake

SWIMA, Fizi – Wandugu wasikilizaji, na ninyi familia mliofika kwetu mkikimbia vita, leo nina neno juu ya watoto wasiosikia vizuri, wasioona vizuri, au wanaochelewa kuelewa. Mitihani inapokaribia, hao ndio tunaowasahau.

Namfahamu mtoto mmoja wa miaka minane. Familia yake ilishuka kutoka milimani, ikapokelewa na jirani. Masikio yake yalitoka usaha muda mrefu bila dawa. Darasani alipewa nafasi ya nyuma kabisa. Siku ya mtihani mwalimu alisoma maswali kwa sauti mara mbili, basi. Mtoto akarudisha karatasi tupu. Kwenye buletini ikaandikwa sifuri ya hesabu. Lakini mtoto huyohuyo mama yake humtuma kununua ndagala, na hurudisha baki bila kukosa hata franka moja.

Baadaye mama akaambiwa: ni heri abaki nyumbani siku za mtihani, asishushe asilimia ya darasa. Mama akanyamaza. Mgeni atalalamika wapi?

Mimi sikubali. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ni ya lazima, tena ni bure katika shule za serikali. Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, na kusoma ni mojawapo. Asilimia ya darasa haiwezi kuwa kubwa kuliko haki ya mtoto.

Walimu watasema madarasa yamejaa, madawati hayatoshi, mshahara unachelewa. Ni kweli. Ila ninayoomba hayagharimu kitu. Mkalishe mbele. Andika maswali ubaoni. Mwongezee dakika chache. Asiyeweza kuandika haraka, mwite pembeni ajibu kwa mdomo.

Wazazi, nasi tuna kazi. Mwambie mwalimu shida ya mtoto mwanzoni mwa mwaka, usingoje buletini. Usaha wa sikio si laana, mpeleke kituo cha afya. Usimchape kwa ajili ya sifuri. Na usimfiche. Darasa la sita kuna mtihani wa kitaifa, na mtoto anayefichwa darasa la tatu hatafika huko.

Muhula huu mwalimu mwingine alimweka yule mtoto dawati la kwanza, akaandika maswali ubaoni. Akapata 6 juu ya 10. Akili haikuongezeka, ni dawati tu lilibadilika.

Kamati za wazazi, kabla ya mitihani ijayo ulizeni katika kila darasa: ni nani ambaye hayupo leo, na ni nani aliyemwambia asije?

Mwandishi wenu, Swima.