Raundi ya Soho si ya Manzese!

Msomaji wangu, usiku wa mji wa watu hauna shangazi. Kwetu hata ukikwama saa saba za usiku utamgongea mtu mlango, atakutukana kidogo halafu atakufungulia. Majuu mambo ni mengine, na wiki hii nataka tuzungumzie raundi, maana vijana wetu wanaopanda ndege kwenda kusoma au kutembea hawaambiwi habari hii.

Pale Manzese mwenye nazo ndiye anayenunua. Leo umepata, unamwaga. Kesho umechacha, unakaa pembeni unanunuliwa, na hakuna anayekuhesabia. Waingereza wao wanakunywa kama wanacheza upatu. Mkiingia baa wanne, kila mmoja ananunulia wote kwa zamu mpaka mduara utimie.

Novemba 2023 nilikuwa London, na Alhamisi moja tukatoka kujirusha Soho. Tulikuwa wanne: mwenyeji wetu, Mbongo aliyekaa kule miaka kumi, Mkenya mmoja wa Mombasa, mimi, na dogo mmoja mwanafunzi, mtoto wa Tanga, ndio kwanza ana wiki mbili mjini. Dogo hanywi pombe. Mfukoni ana pauni 30, na hizo ni za wiki nzima, nauli na chakula humo humo.

Mwenyeji akanunua, Mkenya akanunua, nami nikanunua. Bia moja ilikuwa inapita pauni 6. Nikamnong'oneza dogo, "Waambie umetoka kwenye raundi, unajinunulia soda yako. Hapa ruksa, hakuna anayenuna."

Akanijibu, "Kaka, nimeshakunywa soda tatu za watu. Nitaonekana mshamba." Huyo, kaunta! Bia tatu na soda moja, zikaondoka pauni 22 na ushee.

Baadaye kengele ya mwisho ikagongwa. Zamani baa za Uingereza zilikuwa zinaacha kuuza saa tano za usiku. Sheria iliyoanza kazi Novemba 2005 ndiyo iliyoruhusu wenye baa kuomba muda zaidi. Tunatoka nje, treni ya mwisho imekwenda. Treni za chini ya ardhi za usiku kucha zilianza mwaka 2016, lakini ni za Ijumaa na Jumamosi tu, tena si njia zote. Ikabaki basi la N29, kutoka Trafalgar Square hadi Wood Green kwa mwenyeji, zaidi ya kilomita 10.

Basi likaja. Dogo akatoa sarafu, dereva akatikisa kichwa. Mabasi ya London hayapokei pesa mkononi tangu Julai 2014, ni kadi tu. Kadi ya dogo ya usafiri ilikuwa imekauka, na ile safari moja ya deni ambayo kadi hiyo humpa mtu alikuwa ameitumia asubuhi. Mimi nilikuwa na kadi moja, nimeshaigusa kwenye mashine, na kadi moja hailipii abiria wawili.

Mwenyeji wetu, bia ya dogo bado iko tumboni, akapiga kelele kutoka kwenye ngazi za ghorofani, "Mwacheni atembee, ndio ataujua mji!"

Ebwana, nilishuka nikasimama na dogo kwenye baridi ile. Ndipo Mkenya, ambaye alikuwa ameshalipa kwa kadi, akatoa simu yake akaigusa kwenye mashine. Simu inahesabika ni mtu mwingine. "Pandeni, ndugu zangu." Pauni 1 na senti 75 tu, ndiyo iliyokuwa inataka kumwacha mtoto wa watu barabarani!

Kijana unayesafiri, raundi si sheria ya nchi. Kabla glasi ya kwanza haijafika mezani sema, "Mimi najinunulia." Watakuangalia sekunde mbili, kisha maongezi yataendelea. Na nauli ya kurudi iweke kwenye kadi kabla hujatoka ndani.

Nanyi wenyeji, mnamjua mgeni wenu ana nini mfukoni. Mtoeni kwenye raundi nyie wenyewe, asisubiri kuona haya. Ukishateremsha bia ya mtu kooni, mwenye bia haachwi kituoni.

Tukutane wiki ijayo.