Bei ya dizeli ni nusu ya hesabu, nusu nyingine iko barabarani

Kila tarehe 14 ya mwezi Wakenya husubiri tangazo la EPRA. Watanzania husubiri la EWURA Jumatano ya kwanza. Rwanda bei hupangwa na serikali, na Uganda huachiwa soko. Mwenye mzigo anayetoka Mombasa kwenda Kigali anajua vizuri ajaze tenki wapi. Asichokijua mara nyingi ni gari lake linakula lita ngapi katika kila kipande cha njia hiyo, na hapo ndipo ugomvi wa nauli unapoanzia.

Wengi hutegemea namba ya kiwandani. Magari mengi madogo ya biashara yanayoingia ukanda huu yametumika Japani, na ya zamani kati yake yalipimwa kwa utaratibu uitwao 10-15. Gari liliendeshwa ndani ya chumba juu ya magurudumu ya mashine, injini ikiwa tayari ina moto, kwa wastani wa kilomita 22.7 kwa saa, na kasi ya juu kabisa ilikuwa 70. Humo hamkuwa na kilima, matuta wala magunia ya viazi. Hata hesabu za maabara huchezewa: Aprili 2016 kampuni ya Mitsubishi Motors ilikiri kwamba ilipotosha takwimu za ulaji wa mafuta za magari yake madogo. Marekani ilipoongeza kwenye vipimo vyake mwendo wa kasi, baridi na kiyoyozi, kuanzia magari ya mwaka 2008, kilomita zilizoandikwa kwa magari mengi zilishuka, ingawa magari yenyewe hayakubadilika.

Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi inaeleza zaidi. Inaanza usawa wa bahari na kufika karibu mita 1,700 juu. Kuliinua lori la tani 50 hadi huko, kwa injini nzuri ya dizeli, kunahitaji takribani lita 60 kwa kupanda tu, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa tairi. Lori lilelile likirudi tupu halidaiwi hata robo ya hizo. Mbele ya Nairobi kuna Limuru, kisha mteremko wa Bonde la Ufa, kisha kupanda tena hadi Timboroa. Anayedhani mteremko hurudisha kilichotumika kupandia ajue kwamba sehemu kubwa huishia kwenye breki kama joto. Kwa hiyo kusema “lori hili linakula lita kadhaa kwa kilomita 100” bila kutaja kipande cha njia na uzito wa mzigo ni kusema nusu ya habari.

Halafu kuna foleni. Lori kubwa lililosimama injini ikiwaka hunywa kama lita 3 kwa saa, na usiku mmoja wa namna hiyo ni lita 30 bila kusogea. Kusogea hatua kumi na kusimama, kusogea na kusimama, ni kubaya zaidi kwa lori lenye mzigo. Januari 2022, madereva walipogomea ada ya vipimo vya Uviko mpakani mwa Uganda, foleni ya Malaba ilirefuka hadi bei ya mafuta ikapanda Kampala. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama Busia, Namanga na Rusumo, husifiwa kwa kuokoa muda. Ni nadra mtu kuhesabu lita zilizookolewa.

Anayeumia kwanza ni dereva. Wasafirishaji wengi humpa lita maalumu kwa safari, na zikizidi anashukiwa kuuza mafuta au anakatwa mshahara. Wizi upo, lakini hauwezi kutofautishwa na foleni kama hakuna aliyepima.

Kupima hakuhitaji maabara. Tenki lijazwe hadi shingoni, kilomita ziandikwe, na mwisho wa kipande lijazwe tena hadi shingoni, gari likiwa limesimama pasipo mwinamo. Lita za mara ya pili zigawanywe kwa kilomita zilizokwenda, zizidishwe kwa 100. Ziandikwe pia tani za mzigo, upepo wa tairi kabla ya kuondoka na saa za kusubiri. Safari moja haitoshi, kwani mvua au dereva mwenye haraka huharibu hesabu. Tatu za kwenda na tatu za kurudi zinatoa picha ya kuaminika.

Kwa mwenye mzigo mdogo anayechangia lori na wenzake, faida iko mezani siku ya kupatana. Msafirishaji akitaka nyongeza kwa sababu dizeli imepanda, aombwe kutenganisha: lita za barabarani kwa bei mpya, na lita za kusubiri mpakani kwa saa zilizosubiriwa kweli. Dizeli ikishuka mwezi unaofuata, sehemu ya kwanza ishuke nayo. Ya pili itashuka foleni ikipungua, na hilo halimo mikononi mwa EPRA wala EWURA, limo kwa maofisa wa forodha na wa mizani wa pande zote mbili.