Simu Ituonyeshe Njia, Macho Yabaki Barabarani

Akina mama wenzetu, wengi wetu siku hizi tunaendesha magari. Tunawapeleka watoto shuleni, tunakwenda harusini na misibani, hata katika mitaa ambayo hatujawahi kufika. Zamani tulisimama dukani kuuliza. Sasa tunaambiwa, "Fuata ramani ya simu tu, utafika." Ni msaada mkubwa, lakini ukitumiwa vibaya huleta kilio nyumbani.

Tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Mama akiitazama simu kwa sekunde 3, gari limekwenda zaidi ya mita 40 bila mtu wa kuliangalia. Katika mita hizo mtoto wa shule aweza kuvuka, au bodaboda ikachomoza. Basi tufanyeje?

Kwanza, tupange njia kabla ya kuondoka. Gari likiwa limesimama, tuandike mahali tunapokwenda na kuhakikisha ndipo penyewe. Majengo ipo Moshi, ipo Dodoma, ipo na Mombasa! Tukumbuke pia alama mbili tatu za njiani, kama daraja au kituo cha mafuta. Tukienda vijijini, tupakue ramani mapema. Simu huendelea kupokea ishara za setilaiti hata pasipo na intaneti.

Pili, tuifungue sauti ya ramani na kupunguza muziki. Masikio yasikilize, macho yatazame mbele. Simu ikae imara mahali pasipotuzuia kuona barabara; isishikwe mkononi wala kuwekwa mapajani. Kama baba au kijana mkubwa amekaa pembeni, apewe yeye kazi ya kuisoma.

Tatu, tukikosea njia tusifunge breki ghafla wala kurudi nyuma. Tuendelee polepole, ramani yenyewe itatafuta njia nyingine. Tukichanganyikiwa, tutafute mahali salama, tuegeshe, ndipo tuishike simu. Kuchelewa sherehe si aibu.

Nne, tusiiamini ramani kuliko macho yetu. Haina habari za daraja lililobomolewa na mvua usiku wa jana, na yaweza kutupeleka njia ya mkato isiyopitika wakati wa masika. Tukikuta maji yamefunika barabara, tugeuze gari, hata kama simu inasema "nyoosha mbele." Kisha tuwaulize wenyeji. Kuuliza si ujinga.

Na sisi tunaosubiri wageni nyumbani, tusimpigie mwenzetu kila dakika kumwuliza amefika wapi. Ajapo ndipo tutakapomwona.

Mwisho, tukumbuke walioketi kiti cha nyuma. Watoto wetu wanajifunza udereva leo, kwa kututazama sisi, miaka mingi kabla hawajashika usukani.