Kisangani: saikolojia isifungiwe katika seksio ya pedagojia

Mwaka 1971, Serikali ilipounganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, fakulte ya saikolojia na sayansi ya elimu iliwekwa hapa Kisangani. Leo ni fakulte ya UNIKIS. Lakini toka UNIKIS, ingia shule ya sekondari, umuulize mwanafunzi wa kemia-biolojia saikolojia ni nini. Atakujibu: hayo ni mambo ya watu wa pedago.

Na kwa programu yetu, ana haki. Aliyechagua umanite ya pedagojia anasoma saikolojia kwa sababu kesho atafundisha shule ya msingi. Wa kemia-biolojia, ambaye pengine atakuwa muuguzi, hana somo hilo. Wa biashara vilevile. Mimi naona hilo ni kosa, na katika mji wetu kosa hilo lina bei kubwa.

Mji huu uliona vita ya siku sita mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana kati ya nyumba zetu. Watoto wa wakati ule ndio wazazi wa leo. Halafu mwezi wa 2 mwaka 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka Lubunga. Nyumba zilichomwa, familia zikakimbia, nyingine zikavuka mto.

Katika familia kama hizo, mtoto wa miaka 9 aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena. Anapiga kelele usiku. Darasani hasikii mwalimu. Nani atamweleza mama yake kwamba hofu kubwa humrudisha mtoto nyuma, na kwamba jambo hilo linajulikana? Mara nyingi jirani ndiye anasema wa kwanza, na neno lake ni "ndoki". Ndiyo, sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumshitaki mtoto kwa uchawi. Lakini saa nane za usiku sheria haiko ndani ya parseli. Aliye pale ni dada yake wa miaka 17, anayesoma sekondari. Huyo ndiye nataka apate somo.

Hata wale wa pedago tunawapa somo kavu. Hatua za Piaget (kuzaliwa mpaka miaka 2, kisha mpaka 7, kisha mpaka 11 au 12, na kuendelea) wanaziandika katika daftari, wanazikariri, wanachagua jibu kwenye Exetat, kisha zinapotea. Na jaribio lake halihitaji pesa. Mimina maji sawasawa katika vikombe viwili, halafu mwaga kimoja ndani ya chupa nyembamba. Mtoto wa miaka 5 mara nyingi atakuambia chupa ina maji mengi zaidi. Wa miaka 8 mara nyingi atakucheka. Linafanyika Mangobo bila umeme na bila laboratwari, jambo ambalo mwalimu wa kemia hawezi kulisema juu ya somo lake.

Prefe watasema saa zimejaa. Saa moja kwa juma, katika miaka miwili ya mwisho, haitavunja ratiba. Watasema pia walimu hawako. Hapo sikubali: fakulte inatoa wenye diploma kila mwaka, na si siri kwamba wengi wanangoja kazi. Shida ni mshahara. Mwalimu mpya anaingia darasani kama N.U., Serikali haijamlipa, na mzigo unarudi kwa wazazi.

Basi tuanze na wanafunzi wa UNIKIS walio katika stage, wakisimamiwa na maprofesa wao. Wapewe shule chache, moja katika kila komini, Lubunga ikiwa ya kwanza. Na wasifundishe kutibu. Kijana aliyesoma masaa ishirini akaanza kuwagawia majirani magonjwa ni hatari kama yule wa "ndoki". Wafundishe kuona dalili, kusikiliza, kutomtukana mtoto, na kujua pa kumpeleka.

Fakulte na wakuu wa elimu wa jimbo wanaweza kutia sahihi mapatano hayo kabla ya shule kufunguliwa Septemba. Mabunge hayahitajiki.