Abiria wa kupita naye ana haki ya kuuona mji

Iko ada moja miongoni mwa wanafunzi na wahadhiri wetu wasafirio ng'ambo ambayo kwa muda mrefu imenikera. Mtu hupata udhamini wa kwenda kusoma au kuhudhuria kongamano, akapanda ndege Nairobi, akateremka katika mji wenye historia ya karne na karne, akaambiwa kwamba ndege ya pili itaondoka baada ya saa kumi au kumi na mbili. Naye akajikunyata juu ya kiti cha chuma, mkoba kifuani, akangoja. Arejeapo nyumbani husema kwamba amefika Istanbul, au Doha, au Singapore. Alichokiona ni maduka ya manukato. Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliketi hivyo Istanbul kwa saa kumi na nne. Nilipomuuliza kwa nini hakutoka, alinijibu kwa unyenyekevu: "Mwalimu, ningeuonaje mji nami nilikuwa nikipita tu?"

Jibu hilo lina adabu, lakini halina hoja. Wapo wenyeji waliokwisha kumfikiria abiria huyo wa kupita. Katika uwanja wa Changi kule Singapore, na ule wa Incheon karibu na Seoul, abiria anayengoja ndege ya pili huweza kujiandikisha katika ziara ya mji isiyo na malipo. Shirika la ndege la taifa la Uturuki nalo hufanya vivyo hivyo kwa abiria wake wa kimataifa wanaongoja kati ya saa sita na ishirini na nne: basi, kiongozi na chakula, vyote bila malipo. Msomaji asidhani kwamba hii ni sadaka. Shirika linataka umchague yeye badala ya mshindani wake, na serikali inataka urudi siku nyingine ukiwa mtalii mwenye pesa za kutumia. Sioni ubaya. Kila mwenyeji humwonyesha mgeni sebule kabla ya kumwonyesha jiko. La muhimu ni mgeni ajue kwamba yumo sebuleni.

Nitaizungumzia Istanbul kwa kuwa ndiyo niliyoiona kwa njia hiyo. Uwanja mpya wa ndege, uliofunguliwa mwaka wa 2018 na kupokea safari zote za abiria kuanzia Aprili 2019, uko kaskazini mwa mji, upande wa Bahari Nyeusi. Basi huchukua kama saa nzima kufika mtaa wa kale wa Sultanahmet. Kwa hivyo mwenye saa sita tu ajue kwamba mbili zitaliwa na barabara, na nyingine itamezwa na foleni za ukaguzi. Hayo ni ya kawaida, nami sitayarefusha.

Yanayostahili kurefushwa ni yale yaliyomo katika kiwanja kimoja tu cha mtaa huo, pale ambapo Warumi walikuwa wakishindanisha magari ya farasi. Pamesimama nguzo ya jiwe iliyochongwa Misri kwa amri ya Farao Thutmose III, miaka elfu moja na mia nne na zaidi kabla ya kuzaliwa Isa. Ni jiwe la Afrika, na maandishi yake ya picha bado yanasomeka kama kwamba yalichongwa jana. Mfalme Theodosius aliisimamisha hapo mwaka wa 390. Kiongozi wetu, bwana mpole mwenye Kiingereza safi, aliyataja hayo yote kwa usahihi, kisha akatuomba tusimame tupigwe picha.

Ambalo hakulitaja liko chini, kwenye kitako cha nguzo. Upande mmoja pamechongwa beti za Kilatini, upande mwingine beti za Kiyunani, zote zikisimulia kazi ya kuisimamisha nguzo hiyo. Katika Kilatini, nguzo yenyewe ndiyo inayosema, na inasema kwamba ilishindwa na kuinuliwa kwa siku thelathini. Katika Kiyunani, nguzo inasimuliwa tu, na siku ni thelathini na mbili. Jiwe ni moja, mfalme ni mmoja, kazi ni moja, na lugha mbili hazikubaliani hata juu ya hesabu. Jina la Proclus, liwali wa mji aliyeisimamia kazi hiyo, lilifutwa alipoanguka na kuuawa, halafu likarudishwa. (Neno liwali, kwa njia, Waturuki wanalo hadi leo: gavana wa mkoa kwao huitwa vali.) Ningekuwa na uwezo, ningelihamishia darasa langu la tafsiri hapo kwa muhula mzima. Tunawafundisha vijana kwamba tafsiri ni kuhamisha maana kutoka lugha hii hadi ile, kana kwamba maana ni gunia la mahindi. Na hapa pana ushahidi wa zaidi ya miaka elfu moja na mia sita kwamba mwenye kuandika kwa lugha mbili huweza kuwa anazungumza na watu wawili, kwa makusudi mawili.

Hatua chache kutoka hapo ni Ayasofya. Kila mtu anajua tarehe zake: kanisa lililokamilika mwaka wa 537 chini ya Justinian, msikiti tangu 1453, makumbusho yaliyofunguliwa 1935, msikiti tena tangu Julai 2020. Tarehe hazina ubishi. Ubishi umo katika vitenzi. Sikiliza kama jengo "liligeuzwa", au "lilirejeshwa", au "lilifunguliwa tena". Kila kitenzi kina chama chake. Kiongozi wa ziara nchini Uturuki ni mtu mwenye leseni, na taaluma yake inatawaliwa na sheria ya mwaka wa 2012, haropoki ovyo. Vitenzi vyake vimepimwa. Simlaumu hata kidogo. Lakini mwanafunzi wa isimu anayesikiliza majina ya wafalme na kuviacha vitenzi vipite ameacha nyama akala mfupa.

Mbele ya lango kuu la kasri la Topkapı ipo sabili ya maji iliyojengwa mwaka wa 1728 na Sultani Ahmed III, imezungukwa na shairi lililoandikwa kwa hati nzuri ajabu ya Kiarabu, ila lugha yake ni Kituruki. Nilimwomba kiongozi atusomee mstari mmoja. Alitabasamu, akasema kwamba hajui hati hiyo. Babu wa babu yake angeisoma. Kisa chake kinajulikana. Novemba 1928 Uturuki ilipitisha sheria ya kuiacha hati ya Kiarabu na kuchukua ya Kilatini, na ilipofika Januari 1929 magazeti na vitabu vyote vilikuwa vimehama. Mwaka wa 1932 kikaundwa chombo cha kuisafisha lugha, kikayaondoa maelfu ya maneno ya Kiarabu na Kiajemi na kubuni mengine. Mageuzi hayo yalikwenda mbali hata hotuba ndefu aliyoitoa Atatürk mwenyewe mwaka wa 1927 ikalazimika kufasiriwa kwa Kituruki kipya ili wajukuu wa waliomsikiliza waielewe.

Wenzangu katika basi walimhurumia. Mwingereza mmoja alisema ni msiba kwa taifa kutoweza kusoma kuta za mji wake. Mimi nilinyamaza nikiwaza habari za Mombasa. Mwaka ule ule wa 1928 ndipo mkutano wa Mombasa ulipoamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mapema mwaka wa 1930 kamati ya lugha ya nchi zetu ikaanza kazi, kwa herufi za Kilatini. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka wa 1840, hakuandikiwa kwa herufi hizo. Tenzi zetu za kale zote zilihifadhiwa kwa hati ya Kiarabu, na miswada imelala katika maktaba za Dar es Salaam na London. Je, ni wahitimu wangapi wa Kiswahili katika vyuo vyetu wanaoweza kuufungua mswada mmoja na kuusoma bila kutegemea aliyekwisha kuunukuu kwa Kilatini? Waturuki angalau walipiga kura bungeni kuhusu jambo hilo, na wanaendelea kubishana juu yake. Sisi tulihamishwa na kamati ya watawala wa kikoloni, na hata ubishi hatuna.

Tofauti na Mwingereza yule, Mswahili hafiki Istanbul akiwa kiziwi kabisa. Mabango yanamwita: kitap, kalem, saat, dakika, hesap, sabun, çay, dünya. Mengi ni maneno ya Kiarabu au Kiajemi yaliyozifikia lugha zote mbili kila moja kwa njia yake. Lakini lipo moja ambalo kila Mkenya hulitumia, tena kwa hofu kidogo, ambalo limetoka kwa Waturuki wenyewe. Afande ni efendi, yaani bwana. Lililetwa na askari wa Sudan na Misri waliotumikia majeshi ya kikoloni huku kwetu. Na Waturuki nao walilitoa kwa Wayunani wa mji huo huo. Askari wa trafiki anaposimamisha matatu Thika Road na dereva akamwita afande, Konstantinopoli imo humo kinywani mwake.

Lipo jingine lililonifurahisha zaidi. Misafir kwa Kituruki ni mgeni. Sisi tumelipokea kuwa msafiri. Neno lenyewe Waarabu walimaanisha aliye safarini. Waturuki wakaona kwamba aliye safarini hana budi kupokelewa, wakamfanya mgeni. Sisi tukamwacha njiani. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa saa kumi hajafika hata kwenye chai.

Wala si lugha tu. Mkenya akisimama ukingoni mwa Bosporasi, akizitazama meli, anayo haki ya kukumbuka kwamba Emir Ali Bey, ambaye Wareno walimwita Mirale Bey, alifika pwani yetu kwa jina la dola hiyo katika miaka ya 1585 na 1588, na kwamba Mombasa ilimpokea kwa kuwa ilikuwa imechoshwa na Wareno. Mwaka wa 1589 Wareno walimteka na kumpeleka Lisbon, na mwaka wa 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu ili jambo kama hilo lisirudie. Hilo nalo halimo katika ziara. Nilimsimulia kiongozi wetu wakati wa chakula, naye akaliandika katika kijitabu chake.

Sasa nifikie lililo chungu. Ziara hiyo haina malipo, lakini mlango wake ni pasi. Mwenye pasi ya Kenya huhitaji viza ili aingie Uturuki, hata kama ataingia kwa saa tano tu. Abiria wawili huteremka ndege moja, tiketi zao bei moja, saa zao za kungoja sawa. Mjerumani hutoka akacheka na jua, Mkenya asiyekuwa na viza hubaki na kiti chake cha chuma. Huenda mwanafunzi wangu aliogopa dawati la uhamiaji kuliko alivyouogopa mji, nami simcheki kwa hilo. Ndiyo maana nasema vyuo vyetu, vinapompeleka mtu ng'ambo, vimweleze mapema habari za viza ya mji atakaopitia, na atafutiwe ikiwezekana, kama vile anavyokumbushwa chanjo. Kitu hiki hufanywa majuma kabla ya safari. Usiku wa kuondoka huwa umechelewa.

Na sisi je? Nairobi nayo hupitisha abiria wa kungoja kila siku, waendao Kigali, Lusaka, Juba, Mumbai. Tangu Januari 2024 viza imeondolewa na mahali pake pamewekwa idhini ya kuombwa mapema kwa mtandao, na wako waliosamehewa hata hiyo. Zipo kampuni za kuwatembeza wageni hao, na aghalabu huwapeleka kuona simba katika Mbuga ya Taifa, kisha kuwalisha twiga. Simba ni wetu na twiga ni wetu. Lakini mgeni huondoka akiamini kwamba Nairobi ni uzio wa mbuga, na kwamba mji "ulianzishwa" na reli mwaka wa 1899. Kitenzi hicho nacho kipimwe: maji baridi ambayo Wamaasai waliyapa jina, na mji ukalichukua, hayakuanzishwa na mhandisi.

Tangu barabara kuu ya juu ilipofunguliwa mwaka wa 2022, kutoka uwanjani hadi katikati ya mji si safari. Ningeanzia Kenyatta Avenue, iliyokuwa Delamere Avenue, mbele ya sanamu za wanajeshi na mpagazi wa Vita vya Kwanza zilizowekwa mwaka wa 1928, ambapo maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya herufi za Kiarabu yamekaa pamoja. Nasi pia tuna jiwe letu la lugha zaidi ya moja. Kisha Maktaba ya McMillan na Msikiti wa Jamia unaoitazama. Kisha Dedan Kimathi, ambaye sanamu yake ya 2007 imesimama katika mtaa wenye jina lake. Kisha jengo la Hifadhi ya Nyaraka, na bustani ya kumbukumbu ya wale waliouawa tarehe 7 Agosti 1998. Mwenye muda afike soko la Kariakor, aelezwe kwamba jina hilo ni la kikosi cha Waingereza cha wapagazi, wale waliobeba vita mabegani, likatamkwa Kiswahili likabaki.

Viongozi wa ziara hiyo tunao tayari: wako katika idara zetu za Kiswahili, historia na Kifaransa, wanamaliza shahada na kuzunguka na bahasha wakitafuta kazi. Mgeni kutoka Bujumbura au Lubumbashi akihudumiwa kwa Kiswahili, na yule wa Mumbai kwa Kiingereza, itabidi vijana wetu waisimulie Nairobi mara mbili. Nitapenda kuja kuhesabu kama siku zitakuwa thelathini au thelathini na mbili.