Tuache kupima gesi na kiberiti

Juzi hapa Jego tumeletewa mtungi wa kilo 6. Jamaa wa boda akafunga meko, halafu akawasha kiberiti akakipitisha pale shingoni. Eti anaangalia kama inavuja! Mamangu ametulia tu, makuti yako juu ya vichwa vyetu. Mimi nilibeba mtoto wa dadangu nikatoka nje, wakanicheka.

Wasee, povu la sabuni lafanya kazi hiyo hiyo. Paka kwenye maungio. Likitoa viputo, inavuja. Bure kabisa.

Boila za gesi, na majiko mengi ya kisasa, zina kichuma kidogo kinachohisi moto. Moto ukizimika, gesi inafungwa yenyewe. Meko zetu hizi hazina hicho kitu. Hata regiuleta hazina, meko inakaa juu ya mtungi moja kwa moja. Upepo wa kusi ukiingia dirishani ukazima moto, gesi yaendelea kutoka, na kwa vile ni nzito kuliko hewa, inalala chini sakafuni. Anayetakiwa kuifunga ni wewe na pua yako. (Ile harufu imetiwa makusudi, gesi yenyewe hainuki.)

Februari 2024 lori la gesi lililipuka Embakasi, sote tukaposti mishumaa. Wiki haijaisha tumerudi kwa kiberiti.

Nimemwambia yule jamaa siku nyingine atanikuta na povu kwa kikombe. Amecheka tena. Na acheke.